Meli Niliyosema Haitarudi

Lupaso, siku ya kufunga mizigo

Mwanangu Athumani,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako aliyekaa hatua ishirini tu kutoka hapo ulipo. Nakuona kwa mlango. Umechuchumaa na mama yako mnafunga mkeka na unga wa safari, naye anakueleza mara ya tatu jinsi ya kupika mbaazi, utadhani hukuzaliwa humu ndani. Mambo ya chakula, nguo na dawa ya tumbo nimemwachia yeye. Mimi baada ya salamu nina moja tu la kusema: naogopa. Naogopa tangu siku ile mtu wa akida alipokuja kutuambia umekubaliwa kwenye karakana ya meli Dar es Salaam, ukarukaruka uwanjani kama mtoto, nami nikacheka na majirani na kutoa kuku achinjwe. Nilicheka kwa meno tu. Usiku sikulala, na mpaka leo silali vizuri.

Naandika badala ya kusema kwa sababu mdomo wangu siuamini tena, na ukisoma utajua kwa nini. Nikikukabidhi nitakuagiza usiifungue barua hii hapa. Uifungue ukifika Lindi, kabla hujapanda meli. Ukiisoma hapa utatoka uje kunitazama usoni, na mimi sitayaweza hayo macho yako. Herufi zangu ni hizi za chuoni, na mkono umezoea tezo ya kuchongea mbao kuliko kalamu, basi vumilia. Ukishindwa neno, mwombe mtu yeyote aliyesoma Kurani akusomee, ila asiwe mtu wa huku kwetu.

Sasa nisizunguke. Hapa kwetu kila mtu anasema kaka yako Bakari alikufa kwa kuamini maji. Umekua ukilisikia hilo, wengine wakilisema kwa huruma na wengine kwa kejeli, nami sijawahi kulikanusha. Si kweli, Athumani. Bakari hakuyaamini maji yale hata siku moja. Aliniamini mimi.

Wakati ule nilikuwa naishi mguu mmoja hapa, kwa mama yako na mashamba, na mguu mmoja Lindi, ufukweni tulipokuwa tukiunda majahazi. Wewe ulikuwa mdogo na nikirudi ulikuwa unanikimbia, unaniona mgeni. Nilikuwa fundi mzuri. Sijisifu, waulize watu wa Lindi waliobaki. Nilikuwa naweza kuutazama mti ukiwa bado umesimama porini nikakuambia utakaa mahali gani ndani ya chombo. Lakini nilikuwa na ujuaji pia, na hilo huna haja ya kumuuliza mtu, mama yako amekuwa akilisema miaka yote.

Unajua kazi yetu ilivyokuwa. Nimekufundisha kupiga tezo, lakini kusubiri sikuwahi kukufundisha, na kuunda chombo kwetu kulikuwa ni kusubiri. Taruma likivunjika, yaani ule ubavu wa ndani unaoshika mbao, huchukui mti wowote. Unataka mkongo uliojipinda wenyewe kwa kadiri ya tumbo la chombo. Basi unapandisha watu huku juu, wanazunguka misitu ya Newala na Tandahimba siku baada ya siku wakitafuta mti wenye mgongo unaoutaka, na mti haukui kwa haraka yako. Wakiupata, waukate, waukaushe, waukokote mpaka pwani. Wewe huku chini unangoja bamvua ili maji makubwa yakiinue chombo mpaka juu ya mchanga. Misumari unamngoja Mhindi wa duka ailete. Kazi ikiisha, unangoja bamvua nyingine ya kukishusha. Chombo kilichopasuka vibaya kinaweza kukaa mchangani mwaka mzima, na hakuna anayekulaumu. Ndivyo ilivyokuwa, na mimi nikadhani ndivyo ilivyo kila mahali duniani.

Mwaka ule wa vita, kabla fujo hazijafika kwetu, manowari ya Wadachi iliingia Lindi maji yakiwa madogo ikapanda mwamba. Ilikuwa ileile tuliyoizoea pwani ya kusini, yenye bomba moja refu. Ilipojikwamua ikawa inakunywa maji kweli kweli. Wakatuita sisi mafundi wa majahazi tukazibe tundu ili iweze kutoka. Mimi ndiye niliyeingia tumboni mwake na taa mkononi, maji yakinifika kiunoni. Niliona bamba la chuma limechanika upana wa mlango. Niliona mataruma yake ya chuma, mawili matatu, yamepinda kama vijiko vya bati. Mwenzangu aliyepiga mbizi nje akasema rafadha, lile panga linalozunguka nyuma na kuisukuma meli, limevunjika mabawa mawili. Tukasokomeza mbao, pamba na mafuta ya deheni ya kuzibia mianya, tukapigilia kabari, ikaondoka ikijikokota.

Sisi tukabaki ufukweni tunacheka. Na mimi ndiye niliyecheka zaidi, maana ndiye niliyeona ndani. Nikawaambia wenzangu huyu amekwisha. Hesabu yangu ilikuwa hivi: ikiwa sisi taruma la mti linatuchukua miezi, na mti uko hapa juu, basi taruma la chuma litatoka wapi? Ulaya. Na rafadha? Ulaya. Barua iende, chuma kije, mafundi waje. Haiwezi kupungua mwaka. Mpaka leo nikiipitia hesabu ile sioni ujinga ndani yake. Ilikuwa hesabu sahihi ya fundi wa miti, na haikuwa na kosa jingine ila hilo.

Nikapanda huku nyumbani kwa mavuno ya mtama. Nikakuta nchi inachemka. Watu walikuwa wamechoka na kazi za lazima, wamechoka na viboko, na kila aliyetoka upande wa magharibi alikuja na habari za maji yanayogeuza risasi. Mjumbe wa dawa akafika mpaka Masasi. Kaka yako akaenda kumsikiliza, maana alikuwa haridhiki na jambo mpaka alishike kwa mkono. Alipoambiwa dawa inazuia risasi, alisema vizuri, basi tumpake mbuzi kwanza, mwenye bunduki ampige, tuone. Watu nusura wampige yeye. Alirudi nyumbani akamsimulia mama yako, wakacheka mpaka mama yako akakaa chini. Ndiyo maana kila nikisikia mtu anasema Bakari alidanganywa na maji, natafuta kisingizio nikaondoka.

Siku ile alinikuta hapo nje nanoa tezo. Alikuja na rafiki yake, Che Selemani, yule mrefu wa Mkomaindo aliyekuwa akikubeba mabegani. Waliniamkia, wakakaa. Bakari akaanza kueleza mambo kwa utaratibu wake, kidole baada ya kidole. Akasema askari wa boma ni wachache, vijana wamewahesabu. Wakitolewa hao, Wadachi hawana wengine karibu. Wa nchi kavu wako mbali na wana vita vyao huko waliko. Wanaoweza kuja upesi ni wa baharini tu. Kwa hiyo vijana hawakuwa wakibishana juu ya maji, walikuwa wakibishana juu ya meli.

"Baba," akasema, "wewe uliingia ndani ya ile manowari. Itarudi lini?"

Athumani, nataka unielewe hapa vizuri, maana hapa ndipo lilipo kosa langu. Nilijua kwa nini ananiuliza. Siwezi kujisingizia kwamba sikujua. Lakini ilikuwa tamu kuulizwa. Nilikuwa nimekaa miaka pwani, ninyi watoto mmemzoea mjomba wenu, mambo yote ya nyumba hii anaulizwa yeye kama ilivyo desturi ya kwetu, na mimi nikija ni mtu wa kupewa kiti na chakula. Leo mwanangu mkubwa, mwenye akili kuliko vijana wote wa hapa, anakuja kuniuliza mimi jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua. Nikavimba kichwa. Nikaweka tezo chini taratibu ili wanione ninavyofikiri.

"Mwaka," nikasema. "Ikirudi kabla ya mwaka, nikatwe mkono huu."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nilikuwa naunda vyombo kabla yeye hajazaliwa. Akanitazama, akaridhika. Nikamwona anahesabu tena kwa vidole, mwaka mmoja, mavuno haya, mvua zile, mavuno mengine. Alikuwa na mpango wa mtu mzima, wa kutosha kabisa kama mwaka ule ungekuwepo. Kesho yake alichukua unga wake akaenda, na mimi nikamtania kwamba asisahau kurudi kulima.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama alivyosema. Boma likawa tupu, wakubwa wakakimbia, vijana wakawa wanapita wakiimba. Mimi nikashuka Lindi kuchukua zana zangu kabla njia hazijafungwa. Hapo ndipo nilipoiona. Tangu iondoke ikijikokota hayakuwa yametimia majuma matano. Asubuhi moja nikasikia honi, nikatoka nikidhani ni meli nyingine, nikaona lile bomba moja refu. Niliitafuta sehemu tuliyoiziba mbao. Bamba lilikuwa jipya, ribiti, ile misumari minene inayoshika chuma kwa chuma, zimepigwa mstari mmoja bila kukosea, rangi yake bado inang'aa kuliko pembeni. Na ilikuja kwa mwendo wa kawaida, bila kusitasita, kwa hiyo rafadha nayo ilikuwa nzima. Kisha mashua zikaanza kuwashusha askari. Wakashuka, wakashuka, wakazidi kushuka, na mizinga ya magurudumu nyuma yao.

Sijawahi kumwambia mtu nilichofanya baada ya hapo. Nilikuwa na siku mbili, Athumani. Askari hawakuondoka siku ile, walikuwa wakipanga mizigo na kukamata wapagazi. Mtu mmoja asiye na mzigo, anayeijua njia, angewatangulia. Ningekuwa nimefika. Lakini nilirudi chumbani kwangu nikafunga mlango nikajifunika shuka. Nilijiambia wamenijua, wataniita mpelelezi, wataniweka mnyororoni. Nilijiambia nasubiri giza. Giza likaja, nikajiambia njia ina simba, nasubiri mchana. Siku mbili nzima nilikaa hivyo, na siku ya tatu, walipokwisha kuondoka, ndipo miguu yangu iliponisikiliza.

Sikupita bondeni walikopita wao. Nikapanda huku juu, nikakata misitu mpaka Newala. Pale kwenye ukingo, kwenye njia ya wanawake ya kushukia kuteka maji, nilikuta watu wanapanda badala ya kushuka, wamebeba watoto na vyungu, na hakuna anayemwamkia mwenzake. Hapo nikajua, maana watu wa kwetu hata msibani wanaamkiana. Nikatazama upande wa Masasi nikaona moshi, mahali pengi. Nikaendelea kwenda kwa sababu sikuwa na la kufanya jingine.

Che Selemani nilimkuta Mkomaindo, chini ya ghala la mtama la mama yake, mguu umevimba kwa risasi. Alinisimulia mwenyewe. Walipoona askari wa kwanza wanatokea, wenzao wengi walitaka kukimbia milimani.

"Bakari akatuzuia," alisema. "Akatuambia hawa ni walewale wachache, wengine hawawezi kuja, meli yao imevunjika, baba yangu aliingia ndani akaiona."

Hakulisema kwa kunilaumu. Alilisema kwa kumsifu rafiki yake, jinsi alivyokuwa imara. Alinishika mkono akanipa pole. Kisha ikaja ile njaa, maghala yakiwa yamechomwa yote, na Che Selemani hakuivuka. Kwa hiyo aliyebaki anayejua ni mimi peke yangu, na leo wewe.

Mama yako hajui. Anajua Bakari aliuawa, anajua mahali alipozikwa, anajua hakuwa mpumbavu wa kuamini kila kitu, na hilo humsumbua, maana haelewi mtoto mwenye akili vile alisimamaje mbele ya bunduki. Mara mbili ameniuliza. Mara zote mbili nilichukua tezo nikatoka nje, akadhani ni uchungu. Na watu wanaendelea kuniamkia, "Shikamoo, Baba Bakari," asubuhi na jioni, nami naitikia marahaba. Unafikiri nimezoea? Sijazoea hata kidogo.

Baada ya njaa Wadachi waliwakusanya mafundi wa mbao waliosalia wakatupeleka Dar es Salaam, kwenye hiyo hiyo karakana unayokwenda. Unakumbuka nilipotea misimu miwili. Nilirudi nikawasimulia habari za taa na barabara, za karakana sikusema. Sasa nakusimulia.

Siku ya kwanza nilisimama nikasahau kufunga mdomo. Wana kitu kama sanduku kubwa la chuma lisilo na mfuniko, linaelea. Wanalijaza maji linazama, meli inaingia ndani yake, kisha wanayatoa maji kwa mashine na sanduku linapanda na meli yake mpaka unaiona hadi chini, inachuruzika. Hawangoji bamvua. Bamvua wanaitengeneza wenyewe, siku wanayotaka. Kando yake kuna matanuri yanayowaka mchana kutwa, na taruma lililopinda linaingizwa likawa jekundu, linanyooshwa kwa nyundo kabla hujamaliza kula. Lakini kilichonimaliza ni ghala. Nilitumwa kuleta kamba, nikaona rafadha zimeegemezwa ukutani, nzima, na mafuta yake juu. Nikamuuliza fundi wangu, Mhindi mmoja wa Bombay tuliyemwita Kasimu, hizi za meli gani. Akaniambia za ile ya bomba moja. Nikamuuliza zimekaa hapa tangu lini. Akasema tangu kabla ya vita.

Nilikaa chini palepale juu ya kamba. Wakati mimi nacheka ufukweni Lindi, rafadha ya kuirudisha ilikuwa ghalani tayari, imepakwa mafuta. Wakati naapa mbele ya kaka yako, pengine ilikuwa inafungwa. Sisi tulihesabu manowari. Tukaona moja, imevunjika, tukasema Mdachi baharini hana kitu. Hatukuhesabu tanuri, wala mabamba, wala wale watu mia waliokuwa wakiamka kila siku kunyoosha chuma. Na pwani hii ilikuwa na mafundi kabla Mdachi hajaijua, mafundi hasa. Ila kila chombo tulikiunda peke yake, na kikivunjika tulirudi porini kutafuta mti. Mwenye kuweza kuiamsha meli kwa majuma manne, hata ukiizamisha hujamshinda. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia Bakari, na sikuwa nalijua.

Na Kasimu huyo ndiye aliyenitia hofu niliyonayo leo. Tulikuwa tunakula, nikamsifia mahali pale, akacheka. Akasema kwao Bombay Mwingereza ana magati kama hayo mengi, ya mawe, na huko Ulaya kwao hayana idadi. Mdachi upande huu wote wa bahari anategemea hili moja. "Siku wakigombana," akasema, "mzinga wa kwanza hawataupiga kwenye manowari. Wataupiga hapa tulipokaa." Akamega mkate akaendelea kula. Siku zile nilicheka naye. Siku hizi kila anayepanda kutoka Lindi anasema Wadachi na Waingereza wanatazamana vibaya, na sicheki. Aliyenieleza hayo alikuwa fundi wa chuma, na fundi wa chuma kwenye mambo ya chuma hakosei kama nilivyokosea mimi. Mwanangu mmoja alikufa kwa sababu sikuijua karakana ile. Sasa wa pili anakwenda kukaa ndani yake.

Utauliza mbona sikukuzuia. Nilitaka. Juzi nilimwendea mjomba wako nimwambie akatae, nikafika mlangoni kwake nikarudi. Ukibaki hapa watakuchukua upagazi, na wapagazi tunawajua wanavyorudi. Halafu una mkono. Nimeona unavyogusa ubao kabla hujaukata, sikukufundisha mimi hilo. Na kuna jambo jingine naona aibu kulisema: nusu yangu inataka uende. Inataka mtu mmoja wa nyumba hii ajue chuma kinavyonyooshwa, ili siku nyingine kijana wa hapa akiuliza, ajibiwe na mtu anayejua. Nusu nyingine inataka kukuficha ndani ya ghala. Zinagombana humu kifuani usiku kucha, na mama yako akiniuliza nasema ni kikohozi.

Sina mengi ya kukuagiza. Nikikumbuka nilivyokuwa, naona haya hata kumwagiza mtu. Ukisikia mzinga baharini, kimbia, usikae kusikiliza mtu anayekuambia uko mbali. Kimbia mara ya kwanza miguu inapokuambia, kwa sababu baadaye inakataa. Mimi ninajua. Na utapiga ribiti kwenye meli zitakazobeba askari mpaka kwa mtoto wa mtu, kama walivyopiga wale mafundi kwenye bamba nililoliona Lindi. Nao walikuwa watu wa pwani kama sisi, nilikula nao, wema tu. Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii na sijalipatia jawabu. Nakuachia likiwa hivyo hivyo, usije ukadhani baba yako hakuliona.

Kama ukimaliza kusoma utakasirika, kasirika. Kama utataka kumwandikia mama yako umwambie, mwambie, sitakukataza wala sitakana. Nilitaka tu ulijue kutoka kwangu, ukiwa bado una nchi kavu chini ya miguu na unaweza kuchagua kurudi.

Nimalizie. Leo asubuhi, ulipokuwa unakaza kamba ya mzigo, uliniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, huko ni salama?" Mama yako akaacha kupepeta akanitazama. Nilikuwa na majibu kumi mdomoni, yote mazuri, ya baba aliyetembea. Nilisema Mungu atajalia, nikaingia ndani, nikachukua karatasi. Jibu lako ni hili. Sijui, Athumani. Nilikaa pale misimu miwili, nimeona kila kona yake, na sijui. Naogopa sana, na sijui. Neno hilo lilinishinda kulitoa mbele ya kaka yako, na lingemtosha.

Baba yako,
Issa